Kompyuta Yako Inangoja Nini?

Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri mbele ya wenye steshenari, walimu na vijana wa ufundi hapa Tanga mjini. Waliokuwa safarini, na walioshindwa kufunga maduka, wameyaomba. Nimeyaandika yote kama yalivyosemwa.

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Walimu, mabibi na mabwana, na nyie vijana mliojipanga huko ukutani chini ya feni, habari za mchana?

Nimeitwa nijibu swali moja: je, ukiongeza RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, utaihisi mashine kuwa nyepesi? Ndilo swali ninaloulizwa karibu kila siku pale kwangu Ngamiani: "Fundi, nikiongeza RAM, kompyuta itakuwa nyepesi?" Anayeuliza mara nyingi ameshaamua. Jirani kamwambia, pesa anayo mkononi, anachotaka ni mie niseme ndiyo, nifungue, nichomeke, achukue mashine yake aende zake.

Simwambii ndiyo, wala simwambii hapana. Namuuliza na yeye: mashine yako inangoja nini?

Maana kompyuta nzito, ndugu zangu, ni kompyuta inayongoja. Prosesa iliyomo humo ndani, hata ile ya mtumba ya miaka kumi nyuma, inapiga mahesabu kwa mabilioni ndani ya sekunde moja. Ukibonyeza kitu ukaona kiduara kinazunguka, usidhani prosesa imechoka. Mara nyingi imekaa tu. Kuna kitu imeagiza na hakijafika. Sasa kama hujui imeagiza nini na kimekwama wapi, utajuaje kama RAM ndiyo dawa?

Tuanzie hapo. Mashine ina mahali pawili pa kuweka vitu, na wengi wetu tunapachanganya. Pa kwanza ni diski. Barua zako, picha, mitihani, vyote vinalala kwenye diski, na umeme ukikatika unavikuta. Pa pili ni RAM. Humo prosesa inaweka kile inachokishughulikia sasa hivi, na umeme ukikatika humo hakibaki kitu. Ndiyo maana mtu anakuja na kunilalamikia, "Yangu ina GB 500, mbona inaganda?" Hizo 500 ni za diski, bwana. RAM yake ukiitazama unakuta GB 4, au hata 2.

Tofauti ya hizi mbili ni mwendo. Prosesa ikitaka kitu kilichomo kwenye RAM, inakipata kwa takriban nanosekunde 100, yaani ukiigawa sekunde moja mafungu milioni kumi, ni fungu moja. Kikiwa kwenye diski ya kuzunguka, ile yenye sahani ndani, inangoja kama milisekunde 10. Mtasema zote ndogo. Haya, tuzikuze. Tufanye kwamba kuchukua kitu kwenye RAM ni sekunde moja: mwenye duka anageuka, anashusha pakiti ya chumvi kwenye rafu, anakupa. Kwa kipimo hicho hicho, kukitoa kwenye diski ya kuzunguka ni sekunde laki moja. Walimu wa hesabu mpo, gawanyeni. Ni zaidi ya saa 27! Mwenye duka anakwambia ngoja, anampandisha kijana basi la Dar es Salaam, kijana anafika, analala, anarudi kesho yake na chumvi yako. Pakiti moja. Ukitaka ya pili, anapanda basi tena.

Mmeona? Basi tukae na hilo, kwa sababu mambo yote ya leo yanatoka humo.

Kuna mama mmoja ana steshenari si mbali na Soko la Mgandini. Msimu wa vijana kuomba vyuo na mikopo, kwake hapapitiki. Akaniita nikamtazame anavyofanya kazi, na mie nikakaa nyuma yake bila kugusa kitu. Ana barua ya mteja kwenye Word. Ana kurasa za intaneti sijui ngapi, kila mtoto na fomu yake. Ana vyeti anavyoviskani. WhatsApp iko wazi maana watu wanamtumia kazi humo. Kila akihama kutoka kwenye barua kwenda kwenye fomu, skrini inakuwa nyeupe, na yeye anamgeukia mteja: "Samahani mwanangu, inafikiri." Nikatega sikio kwenye boksi. Diski inakwaruza, krr, krr, krr, haipumziki. Ile taa yake ndogo ya mbele, ambayo kwa kawaida hupepesa, imewaka moja kwa moja.

Nikamwomba abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likafunguka dirisha la Task Manager, linaloonyesha kinachotumika ndani ya mashine. RAM ni GB 4, na zilizotumika ni 3.7. Diski, asilimia 100.

Nini kilikuwa kinatokea? RAM ikijaa, mashine haikatai kazi. Inachukua kurasa, yaani vipande vya kile kilichomo kwenye RAM, ambazo hukuzigusa kwa dakika kidogo, inazisukuma kwenye diski ili ipate nafasi. Ukizitaka tena, inazirudisha, na ili zipate pa kukaa inasukuma nyingine. Ujanja huu una umri mkubwa kuliko wengi wetu humu ukumbini. Ulitumika kwenye kompyuta iliyoitwa Atlas, huko Manchester, Uingereza, mwaka 1962, chini ya Tom Kilburn na wenzake. Kumbukumbu ya haraka ilikuwa ghali mno siku zile, kwa hiyo walibuni njia ya kuifanya programu ione kumbukumbu moja kubwa, kumbe sehemu kubwa yake imehifadhiwa kwenye ngoma ya sumaku inayozunguka. Ni kazi nzuri sana, na mpaka leo karibu kila kompyuta, na simu janja zilizomo mifukoni mwenu, zinafuata wazo lile.

Lakini wakagundua jambo. Mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Peter Denning, alilieleza vizuri kuliko yeyote. Alisema kila programu, kwa kipindi fulani, ina fungu la kurasa inazozihitaji kweli. Mafungu ya programu zote ulizofungua yakienea kwenye RAM, mambo yanakwenda. Yakizidi kidogo, kasi haipungui kidogo. Inaporomoka. Mashine inafikia mahali ambapo muda wote inahamisha kurasa, kutoa hii kuingiza ile, na kazi yenyewe haifanyiki.

Naomba tulishike hili, maana hapa ndipo watu wanapopotea: RAM ina mpaka. Upande huu wa mpaka umekwama. Upande wa pili umepona. Na mama yetu alikuwa amezidisha kidogo tu! Tulimwongezea GB 4 zikawa 8, ile ile mashine ya mtumba, na siku hiyo hiyo akawa anahama kutoka barua kwenda fomu bila skrini kuwa nyeupe. Taa ya diski ikarudi kupepesa. Ukimuuliza yeye leo kama RAM inafanya kompyuta iwe nyepesi, atakuapia.

Na aliapa kweli, kwa sababu alimwambia mwalimu mmoja, jirani yake, na mwalimu akaja kwangu na laptopu. Ina GB 8, anataka 16. Shida yake: akiiwasha asubuhi, anakwenda kuoga, anakunywa chai, anarudi bado inajikusanya. Akifungua Excel ya matokeo ya wanafunzi, anasubiri. Nikamwambia mwalimu, fungua kazi zako zote kama unavyofanya siku ya kujaza matokeo. Akafungua. Tukatazama dirisha lile lile. RAM, zimetumika kama GB 4 na nusu kati ya 8. Zimebaki tatu na zaidi, tupu. Sasa niambieni, nikimwekea nyingine nane, zitafanya kazi gani? Zitakaa karibu na wenzao waliokaa.

Tukatazama diski. Asilimia 100.

Mashine ya mama ilisumbuliwa na RAM iliyojaa, ikaipa diski kazi isiyo yake. Mashine ya mwalimu ilisumbuliwa na diski yenyewe katika kazi yake ya halali. Dalili zinafanana kabisa: kiduara kinazunguka, diski asilimia 100, mtu amekata tamaa. Ugonjwa ni mwingine. Na ndiyo maana siwezi kumjibu mtu ndiyo au hapana kupitia simu.

Diski ya laptopu yake ilikuwa ya mizunguko 5400 kwa dakika. Ni mizunguko 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi. Kile unachokitaka kikiwa upande wa pili wa sahani, huna budi kungoja kifike chini ya sindano ya kusomea, kwa wastani nusu mzunguko, na kabla ya hapo sindano yenyewe imeshapoteza muda kusogea. Ni mwendo wa chuma. RAM iwe 8, iwe 16, iwe 64, chuma kile hakitazunguka haraka zaidi. SSD, ambayo ni diski ya aina nyingine, haina sahani wala sindano, haina kinachozunguka, na inakupa kitu kwa sehemu ndogo sana ya muda ule, kama mikrosekunde 100. Kwa kile kipimo chetu cha duka, kijana hapandi tena basi la Dar. Anachukua baiskeli, kama ilivyo ada ya Tanga, na baada ya robo saa hivi amesharudi na chumvi. Bado si rafu ya nyuma ya kaunta, lakini si kesho.

Mwalimu alikuwa na pesa ya kitu kimoja. Tukaweka SSD, tukapiga Windows upya, RAM hatukuigusa. Chai yake sasa anakunywa baada ya kufungua Excel.

Kabla sijaendelea, nitoe haki kwa RAM. Ile inayobaki haikai bure moja kwa moja. Windows na Linux zote zinaitumia kuhifadhi mafaili uliyoyasoma karibuni, ili ukiyataka tena yasifuatwe diskini. Utaona mwenyewe: programu ukiifungua mara ya kwanza baada ya kuwasha inachelewa, ukiifunga na kuifungua tena inakuja upesi. Ile ya pili imetoka kwenye RAM. Kwa hiyo RAM ya ziada inasaidia kidogo mtu anayerudia rudia mambo yale yale bila kuzima mashine. Kidogo. Na ukishazima, imepotea, kesho unaanza upya.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaomba vijana, nawaomba sana, acheni kuwawekea watu programu zile za "kusafisha RAM". Zinailazimisha mashine itoe vitu vilivyokuwa tayari, namba ya RAM iliyotumika ishuke, mteja afurahi, kisha baada ya dakika mashine ivifuate tena kule kule mbali. Umemuuzia mtu safari ya Dar aliyokuwa haihitaji.

Sasa tuje kwenye neno lililomo ndani ya swali nililopewa: kuhisi. Hatujaulizwa kama mashine inakuwa na kasi kwenye vipimo. Tumeulizwa kama inahisiwa. Na binadamu anahisi kwa namna yake. Robert Miller wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliliandikia hili mwaka huo huo wa 1968, na Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, akazieneza namba zake mwaka 1993. Kitu kikijibu ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, unaona kimetokea papo hapo, kama vile mkono wako ndio umekifanya. Mpaka sekunde moja unaona kuna kuchelewa, ila wazo lako halijakatika. Ikifika sekunde kumi, umeshachukua simu. Umeshaangalia nje nani anapita.

Fikirini maana yake kwa mnunuzi. Ukikitoa kitu kwenye sekunde kumi na tano ukakileta kwenye nusu sekunde, mtu anahisi amepewa mashine mpya. Ukikitoa kwenye sehemu nane za mia ukakileta kwenye sehemu tano za mia, umefanya kazi, umelipa pesa, na hakuna binadamu atakayehisi.

Yupo kijana hapa mjini anarekodi harusi, na nyie mnajua Tanga na harusi. Alikuwa na GB 8. Akiweka kamera tatu kwenye programu ya kuhariri, ngoma za usiku kucha, mashine inamgandia katikati. Tukapima, RAM imejaa hadi juu. Akaenda 16. Alinipigia simu usiku akishukuru. Baada ya muda, biashara ikawa nzuri, akanunua tena mpaka 32, bila kuuliza mtu. Akaja analalamika: "Fundi, mbona sioni tofauti?" Nikamuuliza inachelewa wapi. Akasema pale mwisho, kutoa video iliyokamilika. Tukaiacha itoe, tukatazama: RAM zimetumika 12, na prosesa asilimia 100, viini vyote, yaani sehemu zake zote za kupigia mahesabu. Safari hii prosesa haikuwa imekaa, ilikuwa inafanya kazi kwa jasho. Mtu yule yule, mashine ile ile, kitu kile kile alichonunua. Mara ya kwanza kilimpa raha, mara ya pili hakikumpa chochote, kwa sababu mara ya kwanza alivuka mpaka na mara ya pili alishauvuka zamani.

Na kuna mambo hayahusiani na RAM wala diski hata kidogo, na sisi wa pwani tunayo yetu. Ofisi moja pale Chumbageni waliniambia mashine yao asubuhi ni nyepesi, ikifika saa saba mchana inaburuta mguu. RAM inajua saa? Nikaifungua. Feni ya prosesa imevaa vumbi nene kama blanketi, na vumbi letu lina unyevu na chumvi ya bahari, linashika halitoki kwa kupuliza. Prosesa joto likikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Tulisafisha, tukabadilisha ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na feni, iliyokuwa imekauka kama chokaa. Basi. Hakuna kilichonunuliwa cha maana.

Yanayohusu kununua nitayapitia mbio, maana muda umekwenda. RAM zipo za aina ya DDR3, DDR4 na DDR5, na haziingiliani. Ule mkato wa katikati uko mahali tofauti, usilazimishe. Laptopu nyingi za mwisho za DDR3 zinataka ile yenye herufi L, ya volti 1.35 badala ya 1.5. Laptopu nyembamba, RAM yake mara nyingi imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki, na hilo uliulize kabla ya kununua laptopu. Kama Windows yako ni ya biti 32, ile aina ya zamani, haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na kwa kweli utaona tatu na kitu. Nimeona mtu ameuziwa vipande vya GB 8 kwa mashine ya namna hiyo, na aliyemuuzia hakuangalia. Vipande viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja chenye jumla ile ile, kwa sababu bodi nyingi zinavisoma kwa pamoja. Na mkiambiwa Windows 11 inataka GB 4, jueni hicho ni kiwango cha chini cha kukubaliwa kuiweka. Mie kwa kazi za steshenari na shule sishuki chini ya GB 8 na SSD. Windows 10 ilishaachwa kupewa matengenezo ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi mtabadilisha mashine karibuni. Hilo la 8 na SSD mliweke akilini mnapochagua.

Mwenye pesa ya kimoja tu? Fungua kazi zako zote za siku ngumu, angalia. RAM imejaa, anza na RAM. Haijajaa na diski ni ya kuzunguka, anza na SSD.

Naongea kwa ukali kidogo kwa sababu nazijua pesa hizi zinavyopatikana. Zinatoka kwenye shilingi mia mia za fotokopi. Zinatoka kwenye mshahara wa mwalimu uliokwisha kugawanywa kabla haujafika. Mtu kama huyo akiuziwa kipande asichokihitaji, hatapata pesa ya kile anachokihitaji, na mashine itabaki nzito vile vile, na watoto wataendelea kupanga foleni juani kungoja fomu zao. Kupima ni dakika tano. Kwa nini fundi amnyime mteja dakika tano?

Pale nje mlangoni nimeweka meza na umeme upo. Wenye laptopu njooni nazo, ila msizizime. Zije zikiwa zimefungua kila kitu mnachofungua siku ya kazi nyingi. Vijana wa ufundi, nyie kaeni upande wa mashine. Mwenye mashine akianza kueleza, mie nitanyamaza, nyie ndio mtauliza na nyie ndio mtasoma namba. Tunaanza na wazee. Karibuni.